Rambirambi za Watafiti

Chai ile niliitia chumvi kwa mkono wangu mwenyewe, vijiko viwili, nikaikoroga kwa heshima zote na kumpelekea shangazi yangu Huwaida katika kikombe chake cha bluu.

"Daktari," nikamwambia, "hii ni sampuli. Maabara inaombwa itoe majibu."

Zamani angeionja, angeitema, angenishika sikio, na huku sikio likiwa bado mkononi mwake angenieleza tofauti ya chumvi ya bahari na chumvi ya mwamba mpaka nijute. Shangazi ni mtafiti wa kemia ya ardhi. Kazi yake ni kuyauliza maji na mawe yametoka wapi na yamepitia wapi. Siku ile aliinywa chai yote, akanirudishia kikombe, akasema, "Ahsante, Razan," akaendelea kuutazama ukuta.

Hapo nikajua kwamba hali ni mbaya.

Mumewe, Ami Nabil, alifariki mwezi wa Februari akiwa anavaa viatu mlangoni, hakuumwa wala hakuaga. Tangu hapo Shangazi yuko eda. Mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Bibi yangu Barka, ambaye ni mama yake, alihamia pale na godoro lake ili kumlinda bintiye na mdomo wa mji. Alikaa kwenye kiti nyuma ya mlango kama askari wa benki, ila askari wa benki husinzia. Mimi nilifika mwezi wa Aprili shule zilipofungwa. Shule yetu ya bweni iko bara, na barua ya mwalimu mkuu kuhusu mwenendo wangu muhula ule si sehemu ya hadithi hii.

Sehemu ya hadithi hii ni kisima.

Kisima kiko ubavuni mwa msikiti wa mtaa wetu. Watu wamekunywa pale tangu babu za babu zetu. Miaka miwili iliyopita Bwana Shekhan, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikitia pampu ya umeme iwe sadaka ya marehemu mama yake, ili thawabu zimfikie kila mara mtu anapotia udhu. Mtaa mzima ulimwombea mama yule. Kisha maji yakaanza kuwa na chumvi, kidogo kidogo, mpaka wanawake wakaacha kuyapikia.

Shangazi na Ami Nabil wakaanza kupima. Ami Nabil hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mshona kofia, mtu wa vitobo vidogo na subira kubwa, na kwa kazi ile hakuna maabara iliyoweza kumshinda. Aliteremsha chupa kwa uzi, pima baada ya pima, polepole kiasi kwamba maji hayakujua kama yameguswa. Watoto walimzomea: "Ami Nabil anavua samaki kisimani!" Naye akiwajibu: "Nyamazeni, mnaniogopeshea samaki changu."

Jumamosi ya mwisho ya Aprili ulikuwa uwe mkutano wa watafiti mjini kwetu, Amu. Kila mwaka hukutana Mombasa au Kilifi, na kila mwaka Shangazi huwaomba waje kwetu. Mara hii walikubali. Watafiti watano wa fani tano wangesimama mbele ya watu wa mji na kueleza walichokigundua, kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Shangazi alikuwa wa tatu.

Kwanza nilipendekeza simu ya video. Bibi alinitazama kama niliyependekeza tumle paka.

"Uso wa mwenye eda utundikwe ukutani kama leso za dukani?"

"Basi sauti tu, Bibi."

Sauti aliikubali. Ijumaa tukafanya majaribio: mimi kwenye ukumbi wa mkutano na simu yangu kwenye maikrofoni, Shangazi chumbani kwake. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia mahali, kisha maikrofoni ikalia kama punda aliyekanyagwa, kisha mtandao ukakatika. Niliporudi nyumbani nilimkuta amezima simu.

"Mwambie Fadhil anisomee," alisema. Dakta Fadhil ndiye aliyeandaa mkutano.

Nikajaribu la mwisho. "Bibi, zamani mabibi wakubwa wa Amu walitembezwa ndani ya shiraa, lile hema la kitambaa. Hakuna aliyewaona. Mimi na wenzangu tunaweza kushika miti..."

"Eda si kuonekana, wee mwana. Eda ni kutoka. Hata ukimtia ndani ya sanduku, katoka."

Nikaenda kukaa kitandani kwa Shangazi. Nikamwambia kwamba Dakta Fadhil anasoma vizuri, si neno, matokeo yatakuwa ni yale yale.

"Si yote," akasema.

"Vipi si yote?"

Aliugeukia ukuta wake. Kisha akasema, "Sababu ya chumvi hatukuiandika. Nabil alikataa."

"Sababu ni nini?"

"Pampu."

Ikabidi nitazame ukuta mimi.

"Maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi, chini ya mji wote," alisema. "Pampu inavuta kwa haraka, inayapandisha ya chini. Tulijua tangu mwaka jana. Nabil akasema, huwezi kumwandikia mtu kwenye karatasi itakayosomwa na watu kwamba sadaka ya mama yake ndiyo inayokiua kisima. Alisema tumwambie kwa mdomo, baina yetu, taratibu. Angekwenda yeye." Alivuta shuka. "Alikuwa anavaa viatu aende."

Nikamfunika miguu kwa shuka ile.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nje, uani mwa msikiti, mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa. Punda walikuwa wameileta kutoka gatini asubuhi ile. Kila mtu alijua ni ya kukifunika kisima. Kamati ilikuwa inasubiri tu kusikia utafiti umesema nini.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa msichana mwembamba, mtafiti wa seli. Alituonyesha ukutani kitu kama yai la kukaanga akasema ni seli inayokufa. Seli ikifa kwa utaratibu wake, alisema, haifi kimya. Humwaga dalili za kikemia, na majirani wakizipata husogea, wengine wakaondoa mabaki, wengine wakaziba pengo. Jeraha hupona kwa sababu ya hao wanaosogea. Wakikaa pale walipo, pengo hubaki.

Wa pili alikuwa Dakta Rufus Mugambi wa Nairobi, mtazama nyota, mrefu kama mlingoti. Alieleza jinsi wenzake walivyoiona nyota moja ya mbali ikiimeza sayari yake, kwa furaha ambayo kwa maoni yangu haikulingana na msiba.

Kisha Dakta Fadhil akasoma kazi ya Shangazi. Alisoma vizuri, sina la kumlaumu. Alisoma mvua, alisoma mwamba wa matumbawe, alisoma chumvi ilivyopanda mwezi hadi mwezi. Alipomaliza, watu walipiga makofi ya chini chini, kama wanaopigia mgonjwa.

Bwana Shekhan akasimama. Ni mzee mnene, mpole, mwenye kanzu iliyonyooka daima.

"Daktari, mimi swali langu ni moja. Hiki kisima kitapona?"

Dakta Fadhil aliigeuza karatasi ya mwisho, akaigeuza tena. "Bwana Mwenyekiti, sijui. Hapa hamna. Aliyepima ni Dakta Huwaida, na yeye ndiye awezaye kujibu."

"Naye yuko eda."

"Ndiyo, yuko eda."

"Basi Jumatatu tutakifunika. Hatuwezi kuacha watoto wakinywa kitu tusichokijua." Akakaa, na nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Nadhani alikuwa anamfikiria mama yake.

Nilikuwa naijua sababu. Ningeweza kusimama na kuisema mbele ya ukumbi mzima, na ndani ya sekunde moja ningekuwa nimevunja alichokilinda Ami Nabil mwaka mzima. Nikakalia mikono yangu. Nimeadhibiwa mara nyingi shuleni, lakini sijapata kukaa mahali pagumu kama kile kiti.

Akaja mwanafizikia wa vifaa vya ujenzi, Dakta Wafaa, na kipande cha lipu ya kale ya Amu kwenye sahani. Chokaa yetu ya matumbawe, alisema, ikipata ufa na kisha ikapata maji, huyeyuka kidogo na kuujaza ufa wake yenyewe. Saruji haina adabu hiyo. Watu walitazamana, maana nje palikuwa na mifuko mizima ya isiyo na adabu.

Mchumi ndiye aliyekuwa wa mwisho, na watu walishaanza kutafuta viatu. Alikuwa amekaa Kizingitini kati ya wavuvi wanaozamia kambamti, akiuliza nyumba kwa nyumba: mpiga mbizi akiumia, nani humlisha? Alidhani ni jamaa, au tajiri wake. Hakuwa jamaa wala tajiri. Waliomlisha ni wale ambao yeye aliwahi kwenda matangani kwao. "Nimesoma uchumi miaka kumi," alisema, "nimekuja kukuta kwamba benki ya Kizingitini ni rambirambi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jambo. Majirani wasogee. Rambirambi. Na Bibi yangu Barka, nyuma ya mlango wake, anaweza kumfukuza mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja: aliyekuja kutoa pole.

Dakta Fadhil aliuliza kama kuna mengineyo. Nikainua mkono, nikasimama kama tunavyosimama kwenye mijadala ya shule, mikono nyuma, kidevu juu.

"Waheshimiwa wageni, wazee wangu, mama zangu. Yeo, siku ya mkutano, tumesomewa kazi ya mfiwa. Tumeipigia makofi. Tumekula mahamri juu yake. Lakini wageni hawa wamefika mji wenye msiba tangu jana, na hakuna aliyewapeleka kumpa pole mwenyewe, na nyumba yake ni hapo nyuma ya msikiti. Wakirudi kwao watasema nini? Watasema Amu watu hawajui taratibu?"

Hakuna tusi kubwa kwa mtu wa Amu kuliko hilo.

"Mwana huyu ana ulimi kama wembe," alisema Bwana Shekhan, "lakini kasema kweli. Tufedheheke vipi mbele ya wageni? Twendeni."

Tukatoka wote. Vichochoro vyetu havipitishi watu zaidi ya wawili sambamba, kwa hiyo msafara ulinyooka kutoka ukumbini mpaka msikitini, na punda aliyekuja mbele yetu aliangalia, akafikiri, akarudi kinyumenyume.

Bibi alifungua mlango upande mmoja. Aliona Bwana Shekhan, Dakta Fadhil, Dakta Mugambi aliyekuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi, na nyuma yao nusu ya mji.

"Bi Barka," alisema Bwana Shekhan, "makiwa. Wageni wamekuya kutoa pole."

Bibi akaitikia, kama ipasavyo. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya umati, akanipata.

"Karibuni dakani," akawaambia, kwa sauti ya asali. Nilipompita akanifinya mkono na kuninong'oneza, "Wewe na mimi tutaonana, na hakuna atakayekuya kukupa pole."

Daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni, wenye mabaraza ya mawe pande mbili. Wanaume walijaa pale na wengine wakabaki njiani. Wanawake waliingia ndani. Shangazi alikuwa ameketi nyuma ya pazia la mlango, na shuka yake nyeupe. Nilikaa kando yake. Alinitazama tu, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Dakta Fadhil alitoa pole yake. Mchumi alitoa yake. Dakta Mugambi aliinuka kutoa yake, akagonga kichwa kwenye boriti, daka lote likasema "pole", hivyo akawa yeye ndiye aliyepewa kwanza.

"Madam," alisema alipopata pumzi, "mwaka jana, mkutanoni Mombasa, mume wako alinipima kichwa kwa uzi. Nilimwambia hakuna kofia ya kunitosha Kenya hii. Akasema kichwa kikubwa hakihitaji kofia kubwa, kinahitaji fundi asiye na haraka." Niliona kwa upenyo wa pazia akitoa kofia mfukoni, nyeupe, ya vitobo, akaivaa. "Imenitosha. Nilikuja nayo ili anione. Pole sana."

Shangazi alishika pazia. Nje walisoma Fatiha. Kisha watu wakawa hawajui kama wakati wa kuondoka umefika. Nikasema moyoni, sasa, Shangazi, sasa. Nilisikia kanzu zikikung'utwa, na miguu ikitafuta viatu.

Bwana Shekhan ndiye aliyeaga. "Mungu akupe subira, Bi Huwaida. Kazi yenu haikupotea. Na hicho kisima nacho, inshallah Jumatatu tutakizika, tupumzike sote."

"Hakijafa."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye kutu, kama mlango wa nyumba iliyofungwa. Miguu nje ikasimama.

"Bi Huwaida?"

"Hakijafa, Bwana Shekhan. Kimechoka. Maji matamu bado yako juu. Ukiwa na chungu cha mchuzi wenye samli, ukiweka upawa polepole juu yake utapata samli. Ukiuzamisha kwa nguvu utaleta mchuzi. Basi ndivyo kilivyo."

"Na nani aliyeuzamisha upawa?"

Hili ndilo swali lililokuwa linasubiriwa tangu viatu vile vya Februari. Shangazi alitazama mahali mlangoni ambapo hapakuwa na mtu.

"Bwana Shekhan," akasema, "sogea karibu na mlango, tafadhali."

Mzee akasogea mpaka kitambaa kikagusa bega lake. Shangazi akainama. Dakani watu wote wakajua kwamba kuna jambo lisilo lao, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama. Dakta Wafaa, aliyekuwa ndani nasi, alianza kupapasa lipu ya ukuta. Dakta Mugambi, Mungu ambariki, akageukia njiani na kuanza kueleza kwa sauti kubwa jinsi nyota inavyoimeza sayari, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeomba aeleze.

Mimi nilikuwa upande wa ndani wa pazia, kwa hiyo nilisikia, na sitayaandika yote. Alimwambia ni pampu. Alimwambia Nabil ndiye aliyetaka kumwambia, na kwa nini alichelewa. Bwana Shekhan alishika fremu ya mlango.

"Mama yangu," akasema mwishowe. "Basi ndiyo kusema mama yangu..."

"Hapana. Mashine haina kosa, imewekwa mahali si pake tu. Iweke kwenye birika la mvua la msikiti, ipandishe maji ya dari mpaka kwenye mabomba. Watu watatia udhu kwa sadaka yake kama kawaida. Kisima kiachie ndoo. Mvua za mwaka huu na za mwakani zikinyesha, kitarudi. Nimepima mpaka chini, Bwana Shekhan. Kitarudi."

Mzee akajiinua, akanyoosha kanzu, akawageukia watu.

"Saruji itakwenda kukarabati choo cha madrasa," alitangaza. "Pampu inahamia birikani. Kisimani tunarudi na ndoo."

"Kwa sababu gani, Mwenyekiti?" akauliza mtu kutoka njiani.

"Kwa sababu mtafiti kasema, na mimi nimesikia." Kisha akaligeukia pazia tena, na sauti yake ikashuka. "Bi Huwaida. Ndoo tuivute kwa mwendo gani? Vijana wetu wana haraka."

Shangazi aliuweka mdomo karibu na pazia.

"Mwendo wa Nabil," alisema.

Tangu mazishi hakuwahi kulitamka jina lile kwa sauti mbele ya watu wasio wa nyumbani. Lilipotoka lilitoka na mengine yote, akalia, kwa sauti, akiegemea kifua cha mama yake, na Bibi akaufunga mlango kwa mguu bila kuwaaga wageni. Nje nilisikia wakienda taratibu.

Adhabu yangu ilitolewa kabla ya magharibi. Likizo yote iliyobaki nimepewa kazi ya kusimama kisimani na kuwafundisha vijana kuvuta ndoo bila kuyashtua maji. Watoto wananiuliza kama nimepata changu. Nawajibu wasiniogopeshee.

Lakini jioni ile, macho ya Shangazi yalipokauka, aliniita kutoka chumbani.

"Razan."

"Labeka, Shangazi."

"Ile sampuli yako ya juzi. Vijiko viwili. Chumvi ya dukani, si ya bahari wala ya mwamba." Alinyoosha mkono akanishika sikio, na hakuliachia. "Sasa kaa hapa nikueleze nilijuaje. Ukimaliza kusikiliza, kaniletee chai."